Hesabu ya Kodi ya Majengo ya Biashara: Mfano wa Uingereza na Mapambano ya Poplar

Mara nyingi kodi ya majengo huchukuliwa kuwa ni jambo la wahasibu na wathamini peke yao. Mtazamo huo si sahihi. Ndani ya hesabu hiyo mna swali la kisiasa: nani abebe mzigo wa huduma za mji, na mzigo huo ugawanywe katika eneo lenye ukubwa gani? Ili tulielewe swali hili, yafaa tutazame historia ya Uingereza, ambako kodi hii imedumu kwa zaidi ya karne nne.

Chimbuko lake ni Sheria ya Maskini ya mwaka 1601. Kila parokia ilitakiwa iwatunze maskini wake, na wasimamizi wa maskini walipewa uwezo wa kuwatoza wenye kutumia ardhi na majengo. Kwa muda mrefu kila parokia ilipima kwa namna yake. Ndipo mwaka 1836 Bunge lilipoweka kipimo kimoja: kodi ya pango ambayo mpangaji angetarajiwa kuilipa kwa mwaka, baada ya kutoa gharama za matengenezo na bima. Hapa hapana budi tuangalie vizuri. Mpangaji huyu ni wa kufikirika tu. Hata mwenye duka aliye na jengo lake mwenyewe huhesabiwa kana kwamba amelipanga. Tena, anayedaiwa ni yule anayelitumia jengo, wala si kabaila anayepokea pango.

Msingi huo haujabadilika. Mthamini wa serikali hukadiria pango la mwaka kwa bei za siku maalumu. Daftari la uthamini lililoanza Aprili 1, 2023 lilitumia bei za Aprili 1, 2021. Maduka hupimwa kwa kanda: mita 6.1 za mbele huhesabiwa kwa bei kamili, kanda ya pili kwa nusu, ya tatu kwa robo, kwa kuwa mteja huvutwa na kile anachokiona kutoka barabarani. Baa hukadiriwa kwa mauzo yake. Kiwanda kikubwa ambacho hakina mfano wake sokoni hukadiriwa kwa gharama za kukijenga, zikipunguzwa kwa uchakavu. Kisha thamani huzidishwa kwa kiwango. Ghala la thamani ya pauni 20,000, kwa kiwango cha peni 49.9 kwa kila pauni kilichotumika England mwaka 2023/24 kwa majengo ya thamani ndogo, lilidaiwa pauni 9,980 kabla ya misamaha yoyote.

Hesabu yenyewe, basi, ni nyepesi. Uzito uko katika kile kiwango.

Poplar ilikuwa wilaya ya makuli wa bandari, mashariki ya London. Siku hizo nyumba za kuishi nazo zilitozwa kodi hiyo hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukosefu wa kazi ulizidi, na maskini wa Poplar walitunzwa kwa kodi ya Poplar yenyewe. Lakini kiwango cha peni moja kwa kila pauni kilipotozwa Westminster, penye majumba ya matajiri na maduka makubwa, kilileta zaidi ya pauni 30,000. Poplar kililetea chini ya pauni 4,000. Kwa hiyo kadiri wananchi walivyozidi kufukarika, ndivyo kiwango chao kilivyolazimika kupanda.

Mwaka 1921 madiwani, wakiongozwa na George Lansbury, walikataa kutoza sehemu ya kodi iliyokuwa ikipelekwa kwa polisi na vyombo vingine vya London nzima. Hawakuikataa kodi, walidai mzigo ugawanywe. Mahakama iliwaamuru walipe, wakakataa, na Septemba madiwani 30 walifungwa, wanaume Brixton na wanawake Holloway. Vikao vya halmashauri viliendelea gerezani, na wanawake walisafirishwa hadi Brixton ili wahudhurie. (Wapo madiwani walio huru ambao hawahudhurii kwa bidii hiyo.) Oktoba waliachiwa, na kabla ya mwaka kwisha sheria mpya ilisambaza sehemu kubwa ya gharama za maskini kwa London yote. Minnie Lansbury, mmoja wa wanawake waliofungwa, alifariki Januari 1922 akiwa na umri wa miaka 32.

Wenye mali nao walikuwa na madai yao, na hao hawakufungwa. Mwaka 1929 mashamba yalisamehewa kodi hii kabisa, na viwanda vikasamehewa robo tatu. Mwenye duka dogo hakupata kitu. Msamaha wa viwanda ulikwisha mwaka 1963. Ule wa mashamba ungalipo.

Mwaka 1990 biashara zilitengwa na nyumba za kuishi, na halmashauri zikanyang'anywa uwezo wa kupanga kiwango cha kodi ya biashara. Serikali kuu ndiyo ikapanga kiwango, na mapato yakagawanywa kwa halmashauri zote kulingana na idadi ya watu. Tangu 2013 halmashauri hubaki na sehemu ya mapato, na zile tajiri huchangia zilizo maskini. Dai la Poplar lilitimizwa nusu: mzigo uligawanywa, lakini mamlaka yalitoka mikononi mwa waliochaguliwa na wananchi.

Mahali palipokuwa na gati za West India, ndani ya mipaka ya Poplar ya zamani, leo pamesimama maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf. Thamani yake katika daftari ni kubwa mno. Diwani wa Tower Hamlets, halmashauri iliyoirithi Poplar, hawezi kukiongeza kiwango chake hata kwa peni moja.