Homa ya Bonde: Historia ya Kuvu Inayowashambulia Wenye Afya

Maradhi ya kuvu yanayopenya hadi mapafuni na kwenye ubongo yamezoeleka kuelezwa, hasa tangu kuenea kwa UKIMWI, kuwa ni maradhi ya watu waliopungukiwa na kinga ya mwili. Historia ya kuvu aina ya Coccidioides, inayoishi katika udongo wa maeneo makavu ya Amerika, inaonesha kuwa maelezo hayo hayatoshi.

Mgonjwa wa kwanza kuandikwa alikuwa askari wa Argentina, ambaye habari zake zilitolewa na Alejandro Posadas mjini Buenos Aires mwaka 1892. Mwaka 1896 Rixford na Gilchrist, wakiandika juu ya wagonjwa wa California, walikiita kimelea hicho Coccidioides immitis, wakidhani ni protozoa. Ophüls na Moffitt walithibitisha mwaka 1900 kuwa ni kuvu. Hata hivyo, neno immitis, lenye maana ya “kisicho na upole” kwa Kilatini, kwa maoni yangu lilipotosha kuliko kosa lile la uainishaji. Kwa kuwa waliochunguzwa walikuwa mahututi tu, ugonjwa ulihesabiwa kuwa adimu na wa kuua.

Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1929. Mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, kijana mwenye afya, alifungua chombo kilichooteshwa kuvu hiyo, akavuta spora zake. Aliugua mapafu, ikatarajiwa kuwa atakufa. Badala yake alitokwa na vinundu vyenye maumivu, kisha akapona. Vinundu hivyo vilijulikana sana kwa wakazi wa Bonde la San Joaquin, waliouita ugonjwa wao homa ya bonde. Katika miaka ya 1930, Ernest Dickson na Myrnie Gifford walibaini kuwa homa hiyo ya kawaida na ugonjwa ule wa kuua vilitokana na kuvu moja.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilijenga viwanja vya ndege bondeni humo. Chini ya uchunguzi wa Charles E. Smith, nyasi zilipandwa na njia zikawekwa lami ili kuzuia vumbi, na maambukizi yakapungua. Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa katika kambi ya jangwani ya Gila River, Arizona, nao waliugua. Mwaka 2013 mahakama iliamuru wafungwa walio hatarini zaidi, wakiwemo Wamarekani weusi, waondolewe katika magereza mawili ya bonde hilohilo.