Simbilisi wangu na kiseyeye cha mabaharia

Nikiwa darasa la tatu pale Same, ukame ulikausha majani yote, nikawalisha simbilisi wangu pumba tupu. Wakavimba viungo, wakashindwa kutembea, wakafa mmoja mmoja.

Chuoni ndipo nikasoma habari za Axel Holst na Theodor Frølich. Mwaka 1907, huko Norway, waliwalisha simbilisi nafaka peke yake, wakapata kiseyeye, ugonjwa uliomaliza mabaharia. Waliopewa kabichi mbichi walinusurika. Bahati yao (ya watafiti, si ya simbilisi!): panya hujitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi, kama sisi binadamu, hawawezi. Vitamini yenyewe ilitambuliwa 1932.

Bibi alishuka kutoka Chome na furushi la majani mabichi, siku mbili baada ya wa mwisho kufa.