Njia za kusomea utabibu wa meno

KIJANA wa Tunduma anayetaka kazi ya kusafisha meno na kukinga maradhi ya fizi hana budi kujiandaa tangu kidato cha tatu. Akiacha Fizikia au Kemia wakati huo, amejifungia mlango mwenyewe.

Katika nchi kama Marekani, kazi hiyo ina wataalamu wake pekee. Nchini Tanzania hufanywa zaidi na matabibu wa meno, ambao pia huziba na kung'oa meno.

Utabibu huo husomewa kwa miaka 3 katika ngazi ya stashahada. Mwombaji hutakiwa kufaulu masomo 4 yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne, yakiwamo Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi.

Ingawa Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, vijana wake bado huutazama mji huo, ambako Serikali imefundisha matabibu wa meno kwa miaka mingi. Mafunzo hayo hutolewa Tanga pia.

Njia ndefu zaidi hupitia kidato cha sita, kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia, hadi Chuo Kikuu cha Muhimbili. Shahada ya udaktari wa meno huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali.

Kabla ya kulipa ada, mzazi ahakikishe chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na NACTVET. Vinginevyo, mhitimu atakosa usajili wa kitaaluma, na bila usajili haruhusiwi kumtibu mgonjwa.