Msanii wa kata naye anastahili ukurasa katika kamusi elezo?

UKIANDIKA neno Ikuti katika Wikipedia ya Kiswahili, utakutana na makala fupi ambayo utaimaliza kabla chai haijapoa. Utaambiwa kuwa Ikuti ni kata ya Wilaya ya Rungwe, katika Mkoa wa Mbeya, utapewa takwimu za sensa, na habari itakuwa imekwisha. Mvua, migomba na vilima anavyoviona msafiri anayetoka Tukuyu mjini havimo.

Kata nyingi za Tanzania zina ukurasa wa aina hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza kama zinastahili. Kata ikishatangazwa na Serikali ina jina, ina mipaka na ina watu waliohesabiwa, hivyo huingia katika kamusi elezo bila kubisha hodi. Lakini tuseme kijana wa kata hiyo hiyo amerekodi nyimbo tatu katika studio ya Mbeya mjini, zikapigwa redioni msimu mmoja, na shabiki wake akamwandikia ukurasa. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Ni nani huyu? Amefanya nini? Nani mwingine aliyemwandika?

Wikipedia ilianzishwa Januari 15, 2001 na Wamarekani Jimmy Wales na Larry Sanger. Toleo la Kiswahili lilifuata mwaka 2003, na miongoni mwa waandishi wake wa mwanzo alikuwamo mwanablogu Mtanzania Ndesanjo Macha. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliwashindanisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili, na mamia ya kurasa yakapatikana kwa muda mfupi. Leo toleo hilo limevuka makala 80,000. Zilizo fupi mno huitwa mbegu, kwa matumaini kuwa mtu atapita na kuzimwagilia. Wenye madaraka ya kufuta ukurasa huitwa wakabidhi, nao ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara.

Kipimo chao kwa Kiswahili huitwa umaarufu, na pengine ndilo chimbuko la ugomvi wote. Msomaji wa kawaida akisikia neno hilo hufikiria watu wanaomkimbilia msanii kupiga naye picha. Kanuni haisemi hivyo. Inachotaka ni kwamba mhusika awe ameandikwa kwa kina kiasi katika vyanzo vya kuaminika ambavyo si vyake mwenyewe, wala vya meneja wake, wala vya ndugu zake. Mtu anaweza kufuatwa na watu laki tano mtandaoni asipate ukurasa, na mtaalamu wa wadudu asiyejulikana hata na majirani zake akaupata.

Sababu ya kanuni hiyo ni nyepesi. Kamusi elezo haina waandishi wa kwenda Ikuti kumuuliza mzee wa kitongoji. Inaandika kile tu ambacho mtu mwingine amekwisha kukichunguza na kukichapisha. Pasipokuwa na chapisho, mwandishi hubaki na maneno ya mhusika mwenyewe, na mhusika mwenyewe, kama tujuavyo, hajawahi kutoa wimbo mbaya.

Hata hivyo, kanuni iliyotungwa na watu wenye maktaba katika kila mji hupungukiwa inapofika Rungwe. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mwanamuziki anaweza kukubaliwa kwa kuingiza wimbo katika chati ya taifa, kwa kutunukiwa diski ya dhahabu au kwa kushinda tuzo kubwa. Enzi ya kaseti, mauzo ya msanii wa Tanzania yalikuwa katika madaftari ya wasambazaji wa Kariakoo, na msanii mwenyewe mara nyingi hakuonyeshwa madaftari hayo. Tuzo za muziki za taifa zilianza mwaka 1999, zikasimama baada ya mwaka 2015, zikarejeshwa mwaka 2022. Aliyevuma katika miaka ambayo tuzo hazikuwapo alishinde nini?

Vyanzo vilivyobaki ni magazeti na redio. Redio hupaa na upepo. Magazeti ya udaku, ambayo ndiyo yaliyowaandika wasanii wadogo kuliko mengine yote, yaliandika zaidi nani kaachana na nani kuliko nani karekodi nini na lini. Na kurasa nyingi za magazeti za miaka ya 2000 zimetoweka kwenye intaneti kila tovuti ilipobadilishwa. Hivyo mhariri anayetafuta uthibitisho wa msanii wa mwaka 2004 anaweza kukosa mstari hata mmoja, ingawa msanii huyo aliimbwa na kila utingo wa daladala.

Historia yenyewe inatufundisha tusiwe wepesi wa kudharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir alichukua mdundo wa wimbo wa Kimarekani na kuuwekea maneno ya Kiswahili. Wengi waliuona kuwa mchezo wa vijana wa mjini. Leo ni vigumu kueleza asili ya Bongo Fleva bila kumtaja. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye Sugu, alikuwa mmoja wa vijana waliorapu kwa Kiswahili katika miaka hiyo ya 1990. Mwaka 2010 wananchi wa Mbeya Mjini walimchagua kuwa mbunge wao. Msomaji aliyetaka kujua mbunge huyo alianzia wapi alihitaji habari za wakati alipokuwa bado msanii mdogo, si za siku aliyoapishwa tu.

Makosa ya namna hii hayatokei kwetu pekee. Septemba 2007, Jimmy Wales mwenyewe aliandika ukurasa mfupi kuhusu Mzoli's, bucha na mgahawa wa nyama choma wa Gugulethu, Cape Town. Ulifutwa katika muda usiofika nusu saa, kwa hoja kwamba mahali hapo hapakuwa na umuhimu, kisha ukarudishwa baada ya mabishano makali. Machi 2010, Wakenya walipomshangilia Makmende, shujaa wa video ya kundi la Just a Band, kurasa za kwanza kumhusu zilifutwa katika Wikipedia ya Kiingereza kabla ya mmoja kukubaliwa. Na Mei 2018, rasimu kuhusu mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland, ilikataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Oktoba mwaka huo huo alishinda Tuzo ya Nobel.

Mifano hii hupendwa na wanaotaka kila mtu aandikwe. Mimi naiona kuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ni jina la John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani. Mwaka 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika ukurasa kumhusu na kudai kuwa alishukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John Kennedy na ndugu yake Robert. Uzushi huo ulikaa miezi minne bila mtu kuugundua. Seigenthaler alikuwa na kalamu na gazeti la kumpa nafasi ya kujibu, naye alijibu.

Sasa mtazame mwimbaji wa kwaya wa Rungwe. Ukurasa wa rais au wa Diamond Platnumz ukichafuliwa asubuhi, mchana umekwisha kusafishwa, kwa sababu macho ni mengi. Ukurasa wa msanii mdogo hausomwi na mlinzi yeyote. Mpenzi wa zamani anaweza kuongeza sentensi moja kuhusu maradhi au deni, nayo ikakaa mwaka mzima, ikanakiliwa na tovuti nyingine, hadi mwajiri au mkwe akaisoma. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini kabla ya kudai haki ni lazima mtu ajue kwanza kwamba ameandikwa.

Kuna na biashara, ambayo haihitaji maneno mengi. Wapo wanaotoza fedha ili kumwandikia msanii ukurasa, kwa kuwa siku hizi ukurasa huonyeshwa kwa mapromota kama cheti. Wikipedia inamtaka anayelipwa aseme waziwazi kuwa analipwa. Wengi hawasemi.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, swali la kustahili limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Kata ya Ikuti haikupata ukurasa kwa kuwa ni tukufu kuliko mtu. Ilipata kwa kuwa kuna daftari la sensa linaloithibitisha. Mwimbaji akiwa na makala mbili za magazeti yenye tarehe, kitabu cha kanisa kilichochapishwa au utafiti wa chuo kikuu uliomtaja kwa kazi yake, aandikwe, hata kama jina lake halijavuka mto Kiwira. Akiwa na picha na wafuasi tu, asubiri. Na habari zake za ndani, zisizohusu kazi iliyomtambulisha, zisiguswe kabisa.

Pale vyanzo vinapotosha habari moja ya mistari miwili, ipo njia ya kati ambayo hutumika mara chache mno: habari hiyo iwekwe ndani ya ukurasa wa kwaya yake, wa bendi yake au wa kata yake. Ukurasa wa Ikuti una nafasi ya kutosha.

Wanaoona jina walilolipenda limeondolewa wanapaswa pia kujua kwamba ukurasa uliofutwa hauchomwi moto. Hubaki katika kumbukumbu za mfumo, ambako wakabidhi wanaweza kuuona, na mtu yeyote akileta kipande cha gazeti la zamani chenye jina la mwandishi na tarehe, anaweza kuomba urudishwe.