Kupachika, Kusanidi, Kusakinisha

Kitenzi sanidi kimebebeshwa mzigo usio wake. Kwenye simu na kompyuta zilizotiwa Kiswahili, mara kinamaanisha kuingiza programu, mara kuipangia mashine namna ya kufanya kazi. Na sanidua imekuwa kuiondoa programu kabisa. Anayetumia simu kwa kupiga na kutuma ujumbe hapotezi kitu. Anayeumia ni fundi, hasa yule anayejifunza mwenyewe mbali na vyuo, kama kijana wa Kalinzi, kwenye milima ya kahawa kaskazini mwa mji wa Kigoma. Akisoma maelekezo yanayomwambia "sanidi kadi", ashike bisibisi au akae kwenye kibodi?

Tuanze na kadi yenyewe. Wengi huandika kadi ya upanuzi. Mimi nasema kadi ya nyongeza, kwa sababu upanuzi ni wa barabara au wa shamba: kilekile kilichokuwapo kinakuwa kikubwa zaidi. Kadi ya sauti haikuzi chochote. Inaleta uwezo ambao mashine haikuwa nao. Mafundi husema kadi, na pale inapokaa husema sloti, na maneno hayo yanatosha.

Kompyuta ya IBM ya 1981 ilikuja na sloti 5. Kadi iliyoingia humo ilihitaji anwani, yaani namba ambayo prosesa itaitumia kuzungumza nayo, na mara nyingi ilihitaji pia waya wa kubishia hodi. Kadi ikipata data mpya haiwezi kungoja prosesa ikumbuke kuitazama. Inabisha, na prosesa inaacha ilichokuwa ikifanya ili kuipokea. Tangu IBM ilipotoa modeli ya AT mwaka 1984, nyaya hizo ziliandikwa namba 0 hadi 15, na nyingi zilikuwa na wenyewe tayari: 1 ya kibodi, 6 ya flopi, 14 ya diski kuu. Kadi mbili zikibisha mlango mmoja, mashine haijui ni nani aliyefika. Hapo ndipo kompyuta iliganda, au sauti ikakatika kila printa ilipoanza kazi.

Dawa ya zamani ilikuwa jampa, vikofia vidogo vya kuunganisha pini juu ya kadi. Ulizima mashine, ukafungua kasha, ukahamisha kikofia, ukawasha tena na kuomba Mungu. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1994. Kwa hiyo milango ilifunguliwa wakati teknolojia yenyewe inabadilika, kwani mwaka 1993 Intel na Microsoft walikuwa wametoa utaratibu mpya wa kadi zinazojitambulisha zenyewe, zisizohitaji jampa.

Utaratibu huo ni mzuri mno, na hausimuliwi vya kutosha. Kadi zote zinaulizwa kwa pamoja, kwenye nyaya zilezile, na kila moja ina namba ya utambulisho ya pekee. Zinaitaja namba hiyo biti moja baada ya nyingine, biti 72 pamoja na zile za kuhakiki. Kadi yenye moja hutamka. Yenye sifuri hutega sikio, na ikisikia mwenzake ametamka, inajitoa kwenye raundi hiyo. Mwishoni inabaki kadi moja tu. Inapewa namba yake ya kuitiwa, kisha zilizobaki zinaanza upya, mpaka zote zimetambulika.

Kwenye mfumo endeshi wa Linux, kazi hii ilifanywa kwa amri za kuandika, kwa zana ya Peter Fox iitwayo isapnptools. Amri ya kwanza, pnpdump, iliziuliza kadi na kuandika faili lenye kila kadi pamoja na anwani na nyaya inazoweza kukubali. Karibu kila mstari wa uchaguzi ulianza na alama ya #, yaani bado haujatiwa nguvu. Fundi alisoma, akafuta # kwenye mistari aliyoitaka, tuseme anwani 220 na waya namba 5 kwa kadi ya sauti, na hakusahau mstari wa ACT Y unaoiamsha kadi. Kisha amri ya isapnp ikalisoma faili hilo na kuzipa kadi maagizo. Baada ya hapo tu ndipo draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, ilipakiwa. Linux 2.4, mwaka 2001, iliichukua kazi hiyo ndani ya kiini chake, na zana ile ikapungua umuhimu.

Mimi naithamini kwa sababu ilizitenganisha kazi wazi kabisa. Kuitia kadi kwenye sloti ni kupachika. Kukubaliana nayo juu ya anwani na waya wa kubishia hodi ni kusanidi. Kuingiza draiva ni kusakinisha. Kadi inaweza kupachikwa na isisanidiwe. Draiva inaweza kusakinishwa na isiione kadi. Fundi mwenye maneno matatu anajua akatafute kosa wapi.

Tofauti hiyo bado ina kazi leo. Chukua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyovikwa kadi ya Sense HAT kupima unyevu wa hewa karibu na vichanja vya kahawa, ambayo hukaushwa mpaka punje zibaki na unyevu wa asilimia 11 au 12. Kadi za HAT, zilizoanza mwaka 2014, zina kumbukumbu ndogo inayojieleza mashine inapowashwa. Kihisi cha unyevu kina anwani yake, 5f, na amri ya i2cdetect itakuonyesha kama kipo. Ukiongeza kihisi kingine chenye anwani hiyohiyo kwenye nyaya zilezile, vitagongana. Vihisi vingine hukubali kubadilishwa anwani kwa kuunganisha nukta mbili za risasi kwenye bodi, na kazi hiyo nayo ni kusanidi, hata kama inafanyika kwa kulehemu.