Ghafi: Kitambaa Kilicho Chini ya Mchoro

Washonaji wa mifarishi ya viraka, hasa wa Marekani na Uingereza, hulipia jina. Kwenye ukingo wa kitambaa huchapwa jina la msanii aliyebuni mchoro na la kampuni iliyokitoa, na bei hupanda kwa majina hayo. Lakini mshonaji mzoefu akitaka kukisifu kitambaa, mara nyingi haanzii kwenye mchoro, bali kwenye greiji yake.

Greiji ni kitambaa kama kilivyotoka kwenye mtambo wa kufumia, kabla hakijapaushwa, kutiwa rangi wala kuchapwa. Neno hili limetokana na Kiitaliano, kwa maana ya kitu kisichofanyiwa kazi, likapitia Kifaransa, ambako lilihusu hariri mbichi. Greiji ya pamba ina weupe wa kimanjano, chembe nyeusi za maganda ya mbegu bado zimo, na nyuzi za mtande zimepakwa wanga ili zisikatike mtamboni.

Kitu chenyewe si kigeni kwetu. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilimwaga Zanzibar majora ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita marekani, au amerikani, na misafara ikakibeba hadi bara kulipia pembe na chakula. Cheupe kilichopaushwa kilikuwa na jina lake, bafta.

Basi kwa nini tusiite greiji marekani? Kwa sababu marekani ni aina ya kitambaa, na greiji ni hatua. Tana Lawn ya duka la Liberty la London, kitambaa chepesi na laini kilichopewa jina la Ziwa Tana la Ethiopia, nacho huanza kama greiji, wala hakuna atakayekiita marekani. Mimi nachagua ghafi, tuliyoizoea katika malighafi. Mtu wa forodhani atanikumbusha kwamba uzito ghafi ni uzito pamoja na kasha lake. Ni kweli, lakini dukani kwa vitambaa hakuna atakayechanganyikiwa ukisema, “Mchoro mzuri, ghafi mbovu.”

Na sentensi hiyo ina kazi kubwa, kwa kuwa mchoro uleule wa msanii yuleyule unaweza kuchapwa juu ya ghafi mbili zisizolingana, moja nzito, nyingine hafifu. Ukivitazama vitambaa hivyo viwili kwa mbali, ni pacha.

Vitambaa vya mifarishi kwa kawaida hufumwa uzi mmoja juu, mmoja chini, kwa upana wa inchi 44 hivi. Ghafi inayosifiwa huanzia nyuzi 60 za mtande kwa 60 za mshindio katika inchi moja ya mraba. Idadi kubwa pekee isikudanganye: shuka ya nyuzi 200 na zaidi hukaza kiasi kwamba sindano ya mkono hupita kwa taabu. Nyuzi zikiachana mno, nako pamba ya ndani hujipenyeza na kuota manyoya juu ya mfarishi.

Kiinue kitambaa mwangani. Ukiona mistari minene na myembamba ikipishana ovyo, uzi haukusokotwa sawasawa. Kisha chomoa uzi mmoja ukingoni, uzongoe taratibu na uvute. Uzi wa pamba fupi hukatika upesi na kuacha vinyweleo. Wa pamba ndefu huteleza kidogo kabla ya kuachia. Vile vidoto vya rangi ukingoni, ambavyo wengine huvichukulia kama cheti cha ubora, vinakuonyesha tu rangi zilizotumika kuchapa. Havisemi lolote kuhusu ghafi.

Mdanganyifu mkubwa ni wanga wa kumalizia. Aliyewahi kufua kanga mpya anajua jinsi ukakamavu wa dukani unavyokwenda na maji. Fikicha pembe ya kitambaa kwa nguvu: kikilegea ghafla na kuanza kupitisha mwanga, ulikuwa unashika wanga.

Kipimo cha mwisho ni maji. Nunua kipande kidogo kwanza. Kata mraba wa sentimita 20, ufue kwa maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, uukaushe, uupime. Ukirudi 19, hiyo ni kawaida ya pamba. Ukirudi umepinda, pembe hazikai sawa, au cheupe kimeshika rangi, usinunue jora hilo, hata kama jina lililo ukingoni ni la msanii unayempenda.