Kinyago cha Majuto: Kumsoma Amri Athumani kutoka Msimbati

Makala haya yametokana na kicheko nilichochekwa darasani. Tulikuwa kwenye semina ya uhakiki wa tamthiliya, mwalimu akatutaka kila mmoja ataje mhusika wa jukwaani ambaye hajamtoka kichwani. Wenzangu wakataja Kinjeketile. Mmoja akamtaja Kitaru wa Mashetani. Zamu yangu ilipofika nikasema, "King Majuto." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, ila alinijibu kwa upole ulioniuma zaidi ya kicheko chenyewe: huyo ni mhusika bapa, tena hana matini, sasa utamhakiki kwa lipi?

Swali ni la haki. Nimekaa nalo muhula mzima.

Kwanza hilo la ubapa. Sote tunalikariri tangu kidato cha tatu: mhusika bapa habadiliki, mhusika duara anakua. Tunasahau kwamba kipimo hiki alikitoa E. M. Forster mwaka 1927 katika mihadhara juu ya riwaya. Riwaya, si jukwaa! Mtu anasoma riwaya peke yake, siku nne tano, naye mhusika ana nafasi ya kukua kurasa mia tatu. Mchekeshaji anapanda jukwaani saa nne ya usiku, baada ya ngoma na kabla ya taarab, mbele ya watu waliolipa kiingilio na wengine wameshalewa. Ana dakika ishirini. Akianza kukua pale, watu wataenda kununua mishikaki.

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948, na inaelezwa kwamba alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka tisa hivi. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Hiyo ni miaka sitini ya kazi. Katika miaka hiyo nchi imebadili jina, imebadili siasa, imetoka kwenye Azimio la Arusha ikaingia soko huria. Majuto yeye ni yuleyule mzee mlalamishi, mwenye roho ya kutu kwenye pesa na macho mepesi kwa wasichana, anayejiona mjanja kuliko wote na kuumbuka kabla igizo halijaisha.

Hakumzua kutoka hewani. Vichekesho vilikuwako pwani yetu tangu enzi za ukoloni, vikiwa na wahusika wao wa kudumu: mzee bahili, mshamba aliyeingia mjini, mhuni, mke mkali. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ambaye tunamsoma kama mwandishi wa Kinjeketile (1969) na kuishia hapo, alifanya utafiti wake wa udaktari kule Berlin juu ya maendeleo ya tamthiliya Afrika Mashariki, akaumaliza mwaka 1975. Yaani msomi wetu mkubwa kabisa wa jukwaa alijua kwamba tamthiliya haikuanza na kitabu. Ni sisi wanafunzi wa leo tunaosubiri kitabu kichapwe ndipo tukubali kwamba kuna sanaa. Hata neno chale, ambalo kamusi zetu zinalo kwa maana ya mchekeshaji, wengi husema limetoka kwa Charlie Chaplin wa sinema za bubu. Naye Chaplin, jamani, alivaa kofia ileile na viatu vilevile tangu 1914 hadi 1936, na hakuna profesa anayemdharau.

Vichekesho hivi vilitungwa papo kwa papo. Wahusika wanakubaliana kisa nyuma ya pazia, nani atamdai nani, nani atamfumania nani, halafu wanapanda. Vikundi kama Muungano na DDC Kibisa, na baadaye TOT iliyoanzishwa 1992, vilijaza kumbi za Dar es Salaam kwa mtindo huo wa usiku mmoja wenye kila kitu, ngoma, sarakasi, taarab, kichekesho. Huko ndiko kilikokomaa kizazi cha akina Mzee Small, yaani Said Ngamba, mtu wa Kilwa naye, aliyefariki Juni 2014.

Redioni kanuni ilikuwa ileile. Radio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, matapeli wawili waliotoka ndani ya methali, na nchi nzima ilizijua sauti zao. Waulize wazazi wako Pwagu ni nani, watakuigizia hapohapo. Waulize Rajabu Hatia ni nani, watakutazama. Ndiye aliyekuwa Pwagu.

Filamu ilichelewa kuwafikia watu hawa, ingawa nchi ilikuwa na sinema za Kiswahili mapema. Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alicheza kwenye Muhogo Mchungu na nyinginezo miaka ya hamsini. Lakini hizo zilikuwa sinema za serikali ya kikoloni, za kufundisha watu tabia. Televisheni Tanzania Bara haikuwako hadi 1994. Majuto alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo kutoka jukwaani kuingia kwenye kanda za video, na baada ya kanda zikaja sidii, kisha matangazo ya biashara. Alipooanishwa na Sharo Milionea, kijana wa madoido aliyefariki kwa ajali ya gari Muheza mwaka 2012, tulipata tena jozi ya Pwagu na Pwaguzi, safari hii mmoja amevaa miwani ya jua.

Sisemi kila alichofanya ni kizuri. Filamu nyingine zimetengenezwa mbio mbio, kisa hakina kichwa wala miguu, na mizaha ya kuwadhalilisha wanawake inachosha hata kwa mtu ampendaye. Mhakiki asifumbe macho. Lakini nataka nieleze nilichokiona mwenyewe.

Nimekulia Msimbati, karibu na pale Ruvuma inapomwagika baharini. Utotoni mwangu palikuwa na kibanda cha video cha makuti, jenereta linanguruma nyuma, kiingilio shilingi mia mbili. Siku za Majuto kibanda kilijaa wavuvi, na baadhi yao walikuwa wametoka ng'ambo, Msumbiji. Hao wa ng'ambo walisema Kimakonde na Kireno, Kiswahili chao cha kuokoteza. Maneno yalikuwa yakiwapita. Majuto akigeuza shingo taratibu kumwangalia mtu anayemdai, kabla hajasema lolote, walikuwa wanacheka kuliko sisi. Sasa niambieni, hiyo ni matini au si matini?

Likizo iliyopita nilimpelekea babu swali la mwalimu, bila shaka nikiwa nimelipunguza makali. Babu aliwahi kucheza midimu, ule mchezo wetu wa vinyago wa wakati wa jando na unyago. Kinyago cha mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huonea mdomoni mwake. Kuna kinyago cha mzee, cha mwanamke, cha Mwarabu, cha Mreno. Nguo humfunika mchezaji mwili mzima, na zamani wanawake na watoto hawakutakiwa kujua ni nani yumo ndani.

"Babu, sura ya kinyago haibadiliki. Watu hawachoki?"

"Mjukuu wangu, sura ni ya mchongaji. Watu wanakuja kuangalia shingo na miguu."

Nilirudi chuoni na sentensi hiyo. Uingereza kuna waigizaji wa kazi wasiokuwa nyota, ambao leo ni kasisi jukwaani, kesho mlevi kwenye filamu, kesho kutwa hakimu redioni. Mtazamaji anaijua sura, jina hajui. Ustadi wao ni kubadili vinyago. Wetu anavaa kimoja maisha yake yote, na ustadi uko kwenye shingo. Kenya walimpata Benson Wanjau, Mkikuyu aliyecheza kama Mjaluo kwenye Vitimbi kwa miaka mingi hadi watazamaji wakaamini kweli ni Mjaluo. Alipofariki Julai 2015 nchi ilimlilia Mzee Ojwang.

Ila midimu ikiisha, mchezaji huvua. Majuto hakuweza kuvua. Msibani, sokoni, hospitalini, alikuwa Majuto, na watu walimcheka kabla hajafungua mdomo. Na kinyago kile kilikuwa na soko. Alipougua mwaka 2018, akapelekwa hadi India kutibiwa, ndipo umma uliposikia habari za mikataba yake ya matangazo, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu 1999. Lakini hati inauliza kazi ni ipi, na kazi ya mtu huyu ilikuwa namna ya kugeuza shingo. Unaisajilije? Hapa ndipo ninapogombana na semina yetu. Tunaposema hana matini, tunadhani tunasema jambo la darasani tu. Mwenye kampuni naye anasema hivyohivyo: mzee huyu hana alichoandika, mpe kidogo aende.

Basi nikaamua kuitengeneza matini. Nilichukua kipande cha dakika nne, Majuto anadaiwa kodi ya nyumba, nikakinukuu neno kwa neno. Nilipata ukurasa mmoja na nusu. Ndani yake kuna "eeh" saba. Ya kwanza ni ya kutosikia. Ya pili amesikia, anajifanya hakusikia. Ya nne ni tishio. Ya sita anaomba huruma. Ya saba sijui ni nini, lakini ndiyo iliyonifanya nisimamishe kanda nicheke peke yangu bwenini saa saba usiku, mwenzangu akanirushia mto. Kwenye karatasi zote zimekaa herufi tatu tatu, hazina tofauti hata kidogo.

Nimempelekea mwalimu ukurasa huo. Aliusoma mara mbili, akauliza hizo "eeh" nitazitofautishaje bila kumwekea msomaji maelezo marefu kuliko igizo lenyewe. Nimejaribu alama za kiimbo tulizofundishwa kwenye isimu, hazitoshi, kwa sababu hazioneshi shingo. Ameniruhusu niendelee na dakika nne nyingine.